Kanzu ya Zaina

Wamaza, 11 Februari 2024

Kwako Sumaili wa Nyangwe, uliyeko Kasongo,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na nyumba yako, na kwamba ule mguu uliokuwa ukikusumbua wakati wa mvua umeshika adabu. Sisi huku hatujambo. Mihogo imeitika, mpunga tunaungojea, na homa imepita nyumbani kwangu bila kuchukua mtu.

Najua umeangalia jina lililo chini ukafikiri macho yako yamezeeka. Ni mimi, Gérard Lwamba, niliyeuza diski za muziki pamoja na wewe miaka kumi na mitatu katika duka la Sauti Nzuri, na niliyemwoa dada yako Zaina. Miaka ishirini na sita imepita hatujasalimiana. Sikukusahau, wala sitasema uongo kwamba nimekusamehe. Nakuandikia kwa ajili ya mtoto.

Unamkumbuka Naomie? Ulimwona mara ya mwisho akiwa na miaka miwili, amekaa juu ya gunia la diski kwenye baiskeli yangu, tukikimbia vita. Leo ni mwalimu wa shule ya primaire hapa Wamaza, na darasani kwake hata mbuzi hapiti bila ruhusa. Anaolewa. Kijana anaitwa Héritier, fundi wa pikipiki, mtu wa maneno machache na mikono isiyokaa bure. Watu wake wataleta mahari Jumamosi tarehe 20 Julai, barabara ikiwa imekauka.

Desturi unaijua kuliko mimi. Katika mahari lazima iwemo kanzu ya mjomba, na mjomba lazima aipokee kwa mkono wake na kuivaa mbele ya watu. Asipoivaa, hakuna anayegusa mbuzi wala kitambaa. Na Zaina alikuwa na kaka mmoja tu.

Nilimwambia Naomie kwamba ndugu yangu Jean-Paul anaweza kukaa mahali pako. Alinitazama kama mwanafunzi aliyekosea hesabu. "Baba, Jean-Paul haiko mujomba wangu. Kama mujomba hakuye, mahari irudi kwabo." Kichwa hicho hakikutoka upande wetu.

Barua hii inaletwa na Plamedi, kijana wa pikipiki anayepita Kasongo kila wiki mbili. Ni mwaminifu. Mpe jibu lako, la ndiyo au la hapana.

Ni mimi, baba ya Naomie,
Gérard Lwamba

*

Kasongo, 2 Machi 2024

Kwako baba ya Naomie,

Salamu nimezipokea. Hapa tuko wazima, Mungu ashukuriwe. Mama Kassimu anauza mawese yake sokoni, watoto wamekua na kuondoka. Mguu wangu hauna habari na wewe.

Kanzu! Katika maneno yote ya Kiswahili, Gérard, umechagua kuniandikia hilo?

Kama umesahau, nikukumbushe. Mwaka 1998, siku ya arobaini ya dada yangu. Tumekaa mkekani uani kwangu, wazee wa msikiti wako mbele, Kurani imesomwa, wali unapakuliwa. Anaingia mchuuzi wa chumvi na baiskeli yake, amepita njia za porini kutoka kwenu. Nikafurahi. Nikasema, shemeji hakuweza kufika kwenye mazishi kwa sababu ya vita, lakini ametuma neno la pole. Yule mtu akasema mbele ya wote: "Gérard anasema mumutumie kanzu ya Zaina."

Katika nyumba yetu kanzu ya Zaina ni moja. Ni ile nyeupe, yenye nakshi ya rangi ya asali shingoni, uliyonivika begani siku ulipomwoa, kwa kuwa baba yetu alikuwa amekufa na mimi ndiye niliyekaa mahali pake. Na siku hiyo ya arobaini, Gérard, nilikuwa nimeivaa.

Hata wanaodai mahari wakifiwa na mke hungoja udongo ukauke. Wazee waliinamisha macho. Mimi nilisimama, nikaivua pale pale, nikabaki na fulana. Kesho yake niliifua kwa mkono wangu mwenyewe, nikaipiga pasi ya makaa, nikamkabidhi yule mchuuzi. Sikuandika neno, maana ulilotaka umelipata.

Kanzu iliyovuliwa mbele ya watu hairudi mwilini. Usiniletee nyingine.

Naomie msalimie sana. Kosa si lake. Kama ni mwalimu, basi ni damu ya Nyangwe hiyo, maana ninyi watu wa Kabambare nawajua kwa kulima na kubisha. Mwambie nimefurahi kusikia jina lake.

Mjomba wa Naomie,
Sumaili

*

Wamaza, 17 Machi 2024

Kwako Sumaili,

Salamu. Tuko wazima, na ninyi nawaombea uzima. Leo sitazungumza juu ya mihogo.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza kwa hasira. Mara ya pili nilikaa chini. Mara ya tatu nilimwita Naomie anisomee kwa sauti, kwa kuwa nilifikiri macho yananidanganya. Mara ya nne nililia, na mimi si mtu wa kulia, unanijua.

Sumaili, dukani kwetu kanzu ilikuwa nini?

Ulisema wewe! Si mimi, ni wewe! Siku tulipofungua katoni la kwanza, lori likiwa bado linanguruma nje, ukatoa diski kwenye mfuko wake wenye picha. Wengine wote wanauita pochette. Wewe ukainua ile sahani nyeusi na kusema, "Diski bila kanzu ni mutu uchi." Tukacheka. Kuanzia siku hiyo hadi mwisho, hakuna aliyesema pochette katika Sauti Nzuri. Kanzu ya bluu. Kanzu iliyochanika. Kanzu ya yule mpiga tarumbeta. Mpaka wateja wakalishika neno. Na Zaina alipotoa diski yake mwenyewe mwaka 1989, ile yenye picha yake amesimama mbele ya duka, tuliiita nini? Kanzu ya Zaina!

Tulipogawana mali wakati wa vita, ulisema mwenyewe kwamba diski ziende na mimi Wamaza zikiwa uchi, maana mwizi akiona picha anajua ni mali, lakini akiona sahani nyeusi tupu anaona mifuniko ya sufuria. Kanzu zote na mashine ya kupigia zikabaki kwako. Zaina naye akabaki, kumwuguza mama yenu. Tulisema ni wiki tatu.

Habari za kifo zilipofika, njia ilikuwa imefungwa. Wanaume walikuwa wakikamatwa na kubebeshwa mizigo ya askari, wengine hawakurudi. Nyumba yetu ya Kasongo ilikuwa imeshaporwa, picha zetu zote za arusi zimekwenda. Sikuwa na sura ya mke wangu hata moja, na mtoto ananiuliza mama yuko wapi. Nikamwambia yule mchuuzi wa chumvi: waambie wanitumie kanzu ya Zaina. Alilifikisha neno kama nilivyolisema. Hata herufi hakuongeza, maskini ya Mungu.

Nilikuwa naomba uso wake, Sumaili.

Halafu kikaja kifurushi. Nikakifungua mbele ya mama yangu na ndugu zangu. Ndani kanzu ya mahari, imefuliwa, imepigwa pasi, bila neno. Kwetu ukweni wakirudisha mahari baada ya kifo wanasema kitu kimoja tu: huyu mwanamke hakuwa mke wako, na wewe hatukujui. Mama yangu alijifunika uso. Basi na mimi nikakaza moyo. Nikasema, Sumaili amenifukuza, na mimi sigongi mlango wa mtu aliyenifukuza.

Wewe uliona nimedai. Mimi niliona umenifukuza. Mpumbavu kati yetu ni nani, sijui. Labda tumegawana kama tulivyogawana duka.

Tarehe ni ile ile, 20 Julai.

Baba ya Naomie,
Gérard

*

Wamaza, 19 Mei 2024

Kwako Sumaili,

Salamu za heri. Sisi wazima.

Miezi miwili. Plamedi amepita Kasongo mara nne na kurudi mikono mitupu. Anasema barua alikupa mkononi, uliisoma umesimama langoni, kisha ukaingia ndani na kufunga mlango. Mara nyingine aliambiwa hupo.

Watu wa Héritier wameuliza kama tarehe inasimama. Naomie amewajibu yeye, kabla sijafungua mdomo, kwamba inasimama. Amechagua hata kitambaa cha kanzu, amekipeleka kishonwe kwa kukisia. Aliniuliza mabega yako yakoje. Nikamwambia, yalikuwa mapana.

Kama umekasirika, andika umekasirika. Kama unaumwa, mtu wako aandike unaumwa. Simu nimekatazwa na moyo wangu. Neno la mdomo lilishatuonyesha kazi yake.

Gérard

*

Kasongo, 6 Juni 2024

Shemeji,

Nimeliandika neno hilo, nikaweka kalamu chini, nikaenda kunywa maji.

Hali zetu ni njema. Natumaini mko salama, wewe na Naomie na huyo fundi wake. Sikuwa nimekasirika, na mgonjwa sikuwa. Nilikuwa na aibu. Barua yako ya Machi niliisoma langoni, nikaingia, nikakaa kitandani na viatu. Mama Kassimu akauliza, "Nani amekufa?" Nikamwambia, "Hakuna mutu amekufa. Ni mimi niko mujinga."

Ningeandika nini? Neno nililitunga mimi, nikajivuna nalo miaka kumi na mitatu, na siku lilipokuja kubisha mlangoni kwangu sikulitambua. Nilikuwa na msiba, ndiyo. Duka lilikuwa limefungwa, ndiyo. Lakini wewe ulikuwa na msiba pia, na ni mke wako. Nisamehe, Gérard. Naandika hivyo wazi, uisome mara nne hiyo pia.

Kwanza nilikwenda Nyangwe. Nilikaa wiki tatu kwa watoto wa baba mdogo, wale wavuvi. Kila asubuhi nilipita kaburini. Nilipalilia, nikamwambia Zaina kwamba mume wake hakudai kitu. Nadhani alishajua, na alikuwa akitucheka.

Kisha nilirudi na kufungua sanduku.

Hukuniuliza kama nilizitunza. Hukuuliza kwa sababu unanijua, au kwa sababu uliogopa jibu? Sanduku la bati, limefungwa kwa kamba juu ya dari, mbali na mchwa na panya. Kila kiangazi nalishusha. Natandika mkeka kivulini, nazipanga, nazipunga hewa, nazifuta moja moja kwa kitambaa kikavu. Wajukuu wanasema babu anaanika nguo za watu wasiokuwepo. Kanzu mia mbili themanini na sita, Gérard! Vita imepita, mafuriko yamepita, na hakuna iliyooza.

Yule wa viatu vyeupe yupo. Unakumbuka watu wasiojua kusoma walivyokuwa wakinunua? "Nipe ile ya mwanaume mwenye viatu vyeupe." "Nataka ya yule mama mwenye miwani anayeegemea gari lisilo lake." Siku ya soko wauza pamba walisimama ukutani na miguu ya vumbi, wanaangalia kamba zetu zilizotundikwa kanzu kwa vibanio, saa nzima, bila kununua, na hatukumfukuza mtu. Yule mama wa Samba alinunua kanzu tupu, diski akakataa. Alisema mashine hana, lakini ukuta anao. Vijana wa leo wana nyimbo elfu ndani ya simu na hawajui sura ya mwimbaji hata mmoja. Sisi tulimjua mtu hadi kifungo cha shati lake. Kutoka Kasongo hadi mtoni hapakuwa na duka jingine kama letu, na mtu akibisha aje nimwonyeshe sanduku.

Ya Zaina ilikuwa chini kabisa. Niliiweka chini mwaka ule, sikuishika tena hadi mwezi uliopita.

Rangi haijaondoka. Amesimama mbele ya mlango wa duka, kitenge cha samaki, mkono mmoja kiunoni, anacheka na mpiga picha kama anayemdai. Juu ni herufi nilizoziandika kwa mkono wangu, Orchestre Mawimbi ya Lualaba, na bado ni nzuri. Pembeni kushoto kuna kiwiko cha mtu. Ni chako. Ulinikasirikia mwaka mzima kwa sababu nilikukata kwenye picha. Sasa nikuambie kweli: ulikuwa umefumba macho na kufungua mdomo. Nilikuokoa.

Nyuma ya kanzu kuna majina ya nyimbo mbili. Upande wa kwanza "Nyangwe Kwetu". Upande wa pili "Shemeji na Shemeji", ule aliotuimba sisi wawili, wagombanao toka asubuhi juu ya nani atafagia duka. Tulikuwepo siku ya kurekodi kule Bukavu, tumesafiri siku tatu juu ya magunia ya mchele. Diski unayo wewe, mashine ninayo mimi. Ina maana tangu vita hakuna hata mmoja wetu aliyemsikia. Mashine naitia mafuta kila mwezi. Inazunguka bila kitu juu yake.

Sasa sikiliza. Kanzu ya Zaina siitumi. Si kwa Plamedi, si kwa padri, si kwa imamu. Tulishatumiana ya kutosha.

Daktari wa hapa amesema mguu wangu usipande pikipiki, na barabara ya kwenu unaijua, kuna mahali hata mbuzi anashuka kwanza. Kwa hiyo sikuambii kwamba nitakuja. Sikuambii pia kwamba siji. Nakuambia uioshe ile diski. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa laini, ufuate duara kama mistari inavyokwenda. Usikate katikati! Wewe ulikuwa unakata katikati, na nilikuwa nakusema kila siku.

Mjomba wa Naomie, na shemeji yako,
Sumaili

*

Wamaza, 23 Juni 2024

Shemeji yangu Sumaili,

Salamu zako zimetukuta salama, na Naomie ameiba barua na kulala nayo. Nawe uwe mzima, na mguu nao.

Umesamehewa. Na mimi nisamehe, kwa kuwa ningeweza kuandika mwaka ule ule, na niliona kiburi kitamu kuliko karatasi. Yameisha.

Juu ya kiwiko nimekusikia. Sikuamini, lakini nimekusikia.

Sasa na mimi nina la kuungama, na nililiacha makusudi katika barua ya Machi. Diski zilikuwa mia tatu na kumi na mbili, pamoja na zile zilizokuja dukani bila kanzu. Zimebaki themanini. Nyingine zilipinda kwa jua nilipozificha juu ya bati, nyingine watoto wa jirani walizirusha mtoni kuona kama zitaelea. Sikuwa mtunzaji kama wewe. Nilikuwa mtu mwenye hasira na gunia.

Ila ya Zaina. Hiyo sikuiweka na zingine. Haikuwa na kanzu, na sikuweza kuiacha uchi. Siku kifurushi chako kilipofika, nilitaka kuitupa ile nguo motoni. Mama yangu aliondoka, nikabaki peke yangu na kanzu mkononi na diski mezani. Nikaifunga diski ndani ya kanzu. Nikaiweka katika sanduku langu, chini ya kitanda, na huko imekaa hadi leo. Nilikuchukia, Sumaili, na nikamvika mke wangu nguo yako. Usiniulize maana yake.

Nimeiosha. Nimefuata duara. Naomie alisimama mlangoni akihesabu mizunguko.

Mawe sita ya redio, betri zile kubwa, nimeyapata dukani kwa watu wa machimbo. Mashine sina, lakini nimeyanunua. Siku ya tarehe 20 nitaweka kiti chako mbele, upande wa kulia, na hakuna atakayekikalia. Kikibaki kitupu kitabaki kitupu, na watu wa Héritier wataona kwamba hapa kuna mjomba. Naomie amesema mahari itangoja mbele ya kiti hadi jua lizame, kisha irudi kwao. Nimejaribu kumbembeleza. Nimebembeleza ukuta.

Shemeji yako,
Gérard

*

Kasongo, 4 Agosti 2024

Shemeji yangu Gérard,

Salamu nyingi kama vumbi nililokula kati ya Wamaza na hapa. Nimefika. Mguu umevimba mpaka viatu vinanikataa, daktari amenigombeza kama mtoto, na Mama Kassimu amemsaidia. Niko mzima, na sina majuto. Ninyi mko wazima? Mawese yaliyomwagikia kitenge cha Naomie yametoka?

Plamedi mwambie sitasahau. Siku mbili na nusu kutoka hapa hadi kwako, mimi nyuma, mashine imefungwa blanketi mapajani, kanzu ya Zaina kifuani ndani ya shati, kati ya mbao mbili. Kwenye matope alinibeba mgongoni, akarudi kubeba mashine, akarudi kuchukua pikipiki. Tulipoingia uani kwako jua lilikuwa limeshainama, watu wote wamekaa, na kiti kitupu mbele. Nilikiona hicho kiti kabla sijakuona wewe. Katika maisha yangu sijapewa heshima kubwa kuliko ile ya kungojewa na kiti.

Mengine uliyaona kwa macho yako. Lakini Naomie aliponivika kanzu ya Héritier na watu wakapiga vigelegele, na mimi nikaweka sindano juu ya diski, ulitoka nje. Ulijidai unaangalia mbuzi. Mbuzi walikuwa wamefungwa, shemeji. Basi nakuandikia usichokiona.

Mwanzo ilikwaruza, nikafikiri tumemharibu. Kisha akaingia. Gérard, dada yangu alikuwa mwimbaji! Tulisahau. Tulimlilia kama mke na dada, tukasahau kwamba alikuwa mkubwa kuliko sisi wote. Wale vijana wa machimbo waliokuja kula tu waliacha sahani. Mama mmoja wa kwenu akasema, "Huyu ni wa Kinshasa?" Nikasimama na mguu wangu mbovu nikamjibu, "Huyu ni wa Nyangwe, mama, na ule mwenye anaolewa ni mutoto wake!"

Naomie alikaa chini mbele ya mashine. Kanzu ya Zaina alikuwa ameishika kwa mikono miwili, anaangalia uso huku anasikia sauti. Hakulia. Alisema polepole, "Mama iko na meno yangu." Kisha akaweka kidole pembeni kushoto na kuuliza kiwiko hiki ni cha nani. Nikamwambia ni cha baba yake, na kwamba kilichobaki hakikufaa.

Nikageuza upande wa pili. "Shemeji na Shemeji". Watu walicheka tulivyochekwa. Na sasa lile ulilolikosa, nililokuwa nimelisahau hata mimi. Mwisho kabisa, ala zikiwa zimenyamaza, wanaume wawili wanacheka. Unakumbuka? Fundi wa Bukavu alitaka kukifuta hicho kipande, Zaina akakataa, akasema bila hicho wimbo ni uongo. Kimo. Sekunde nne au tano. Naomie akaniuliza, "Mujomba, bale banaume banaocheka ni banani?"

Nikamwambia, "Ni baba yako na mimi, tulipokuwa bado na akili."

Mashine iko kwake, diski imevaa kanzu yake, na hivyo ndivyo ikae. Usikubali mtu aipige bila kunawa mikono. Zile themanini nitazitafutia kanzu zao katika sanduku, moja moja, na kiangazi kijacho utakuja wewe kuzichukua. Daktari hajasema lolote juu ya mguu wako.

La mwisho. Asubuhi ile ya kuondoka ulinirudishia ile kanzu ya zamani, imekunjwa kama ilivyokuwa, na ukataka kuifua kwanza. Nilikukatalia. Nilipofika hapa niliikunjua. Kitambaa kimekuwa cha rangi ya maziwa, nakshi bado nzuri. Na kifuani, upande wa kushoto, kuna duara. La kijivu hafifu, la ukubwa wa diski, na tundu lake katikati.

Ijumaa niliivaa kwenda msikitini, mbele ya watu wale wale, waliobaki hai kati ya walioniona nikiivua. Tulipotoka, mzee mmoja akanishika mkono. "Sumaili, nani amekuchafulia kanzu?"

Nikamwambia, "Ni dada yangu. Alilala hapo miaka ishirini na sita. Haifuliwi."

Shemeji yako,
Sumaili